Ernest Hemingway: Mvuvi Aliyehitaji Mashua ya Pili



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya watakatifu, wamisionari na walimu wa Kanisa. Safari hii tunawaletea mtu ambaye hakuwa mtakatifu na hakuwahi kujidai hivyo. Alioa mara nne, alikunywa pombe kupita kiasi, alipenda sifa, na mwishoni alijitoa uhai. Lakini mtu huyohuyo aliandika kitabu kifupi kuhusu mvuvi mzee, na Wakristo wengi wamekisoma kama tafakari ya Njia ya Msalaba. Jina lake ni Ernest Hemingway, Mmarekani, na kitabu chenyewe kwa Kiswahili kinajulikana kama Mzee na Bahari.

Sisi tunaosoma falsafa tulikisoma wakati wa likizo, tulipokuwa Unguja kwa kazi za kichungaji. Jioni baada ya masifu tulikaa barazani Mji Mkongwe, si mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, tukasoma kurasa chache kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Kitabu ni chembamba. Baada ya siku nne tulikuwa tumekimaliza. Swali tulilobaki nalo lilichukua muda mrefu zaidi: imekuwaje mtu aliyejua kuueleza uvumilivu kiasi hiki akashindwa kuvumilia yeye mwenyewe? Tukaamua kuyasoma na maisha yake.

Mtoto wa daktari

Ernest Miller Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 huko Oak Park, mji ulio kando ya Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari. Mama yake, Grace, alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Walizaliwa watoto sita, naye alikuwa wa pili. Familia ilikuwa ya Kiprotestanti, yenye sala na nidhamu kali. Kila majira ya joto walihamia kwenye nyumba yao ya ziwani, kaskazini mwa jimbo la Michigan, na huko baba alimfundisha mwanawe kuvua, kuwinda na kukaa msituni bila woga. Anayetaka kumwelewa Hemingway aanzie hapo. Mito, misitu na bahari alivyoviandika baadaye, mikono yake ilivijua kabla ya kalamu.

Alipomaliza sekondari mwaka 1917 hakwenda chuo kikuu. Aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star, akakaa miezi michache tu. Gazeti lile liliwataka waandishi wake watumie sentensi fupi na maneno ya kawaida, waachane na mapambo. Kanuni hiyo aliishika maisha yake yote. Ndiyo maana hadithi ya mvuvi wake humfikia hata msomaji ambaye hajawahi kukaa darasa la fasihi.

Vita, jeraha na imani

Mwaka 1918 alijiunga na Msalaba Mwekundu kama dereva wa gari la wagonjwa, akapelekwa Italia katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 8 Julai, akiwa hajatimiza miaka 19, alijeruhiwa na kombora karibu na kijiji cha Fossalta, kando ya mto Piave, alipokuwa akiwapelekea askari chokoleti na sigara mstari wa mbele. Vipande vingi vya chuma vilimwingia miguuni, akalazwa hospitali Milano kwa miezi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba padre wa jeshi alipita kati ya majeruhi na kumpaka mafuta matakatifu.

Aliporudi nyumbani hakukaa. Mwaka 1921 alimwoa Hadley Richardson, wakahamia Paris, naye akawa mwandishi wa habari huku akijifunza kuandika hadithi. Riwaya yake The Sun Also Rises ilitoka mwaka 1926 na kumpa jina. Lakini mwaka uliofuata ndoa ile ilivunjika. Mei 1927 alimwoa Pauline Pfeiffer, binti wa familia ya Kikatoliki, katika kanisa Katoliki mjini Paris, naye akajitambulisha kuwa Mkatoliki.

Imani yake ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya kuyumba. Alisali, alikwenda Misa, aliheshimu nadhiri na watakatifu, kisha akaishi miaka mingi kinyume na alichokisali. Mwaka 1940 aliachana na Pauline pia, akamwoa Martha Gellhorn, na baadaye, mwaka 1946, Mary Welsh. Hatuandiki haya ili kumhukumu. Tunayaandika kwa sababu watu wa namna hii wamo katika kila parokia: wana rozari mfukoni, na nyumbani mambo hayajakaa sawa.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo lililomfuata hadi kaburini. Tarehe 6 Desemba 1928 baba yake, ambaye alikuwa mgonjwa wa kisukari na mwenye wasiwasi mkubwa wa fedha, alijiua. Ernest alikuwa na miaka 29. Kwa muda mrefu aliliona tendo la baba yake kuwa udhaifu, na tangu hapo aliishi kama mtu anayetaka kuthibitisha kwamba yeye hatavunjika. Ndondi, uwindaji, vita vya Hispania, bahari kuu, vyote alivitafuta. Dunia ikampenda kwa sababu hiyo. Picha zake magazetini zilikuwa za mwanamume mwenye kifua kipana, bunduki mkononi au samaki mkubwa akining'inia pembeni yake.

Hemingway katika pwani yetu

Desemba 1933 meli iliyombeba yeye na Pauline ilitia nanga Mombasa. Kiongozi wao wa uwindaji alikuwa Philip Percival, Mwingereza aliyekuwa na shamba Kenya. Waliingia Tanganyika hadi Serengeti, na huko Hemingway akaugua ugonjwa wa amiba. Januari 1934 ndege ndogo ilimchukua kwenda Nairobi kutibiwa, na njiani akauona mlima Kilimanjaro kutoka angani. Alipopona alirudi kuwinda. Safari ya uwindaji ilipokwisha walishuka Malindi ya Kenya, wasomaji wa Unguja wasiichanganye na Malindi yao ya Mji Mkongwe, wakavua samaki wakubwa wa Bahari ya Hindi.

Safari hiyo ilizaa kitabu Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka 1935, na mwaka 1936 hadithi fupi juu ya theluji ya Kilimanjaro, inayomhusu mwandishi anayekufa porini kwa kidonda alichokipuuza huku akiisubiri ndege. Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulalamika kidogo hapa. Maneno ya Kiswahili yamo, milima yetu imo, lakini wapagazi, wapishi na wafuata nyayo waliombeba safari nzima wanapita kama vivuli. Afrika kwake ilikuwa mahali pa kujipima nguvu. Hata hivyo kitu kimoja kilimwingia. Katika Mzee na Bahari, mvuvi wake alipokuwa kijana alifanya kazi katika meli iliyofika Afrika, akawaona simba ufukweni wakati wa jioni. Uzeeni haoti tena dhoruba, wala wanawake, wala mapigano. Anaota pwani ya Afrika na wale simba wakicheza.

Aliporudi Marekani mwaka huo wa 1934 alinunua mashua ya kuvulia, akaiita Pilar, jina la Bikira Maria anayeheshimiwa Zaragoza, Hispania. Kwa mashua hiyo alivua miaka mingi katika maji ya Kuba.

Jinsi kitabu kilivyozaliwa

Kuanzia mwaka 1939 makazi yake yalikuwa Finca Vigía, nyumba ya shamba nje kidogo ya Havana. Mashua yake aliiweka Cojímar, kijiji cha wavuvi. Huko alikaa na watu wanaovua kwa mshipi wa mkono, mtu na ndoana yake, kama wazee wa Nungwi na Kizimkazi walivyokuwa wakivua kabla ya mashine.

Habari ya mzee na samaki wake hakuitunga kutoka hewani. Aprili 1936, katika makala ya gazeti Esquire, alikuwa ameshasimulia kwa aya moja kisa cha mvuvi mzee wa Kuba aliyevutwa mbali baharini na samaki mkubwa, akamuua, kisha papa wakamla samaki wakati mzee akipigana nao peke yake. Wavuvi wenzake walimkuta akilia ndani ya chombo. Kisa hicho alikitunza moyoni miaka 15.

Alikiandika mapema mwaka 1951, kwa wiki chache tu. Wakati huo wengi walidhani amekwisha. Riwaya yake ya mwaka 1950 ilikuwa imechekwa na wahakiki. Mwaka huo wa 1951 alifiwa na mama yake, na kabla haujaisha akafiwa na Pauline. Tarehe 1 Septemba 1952 gazeti la Life lilichapa hadithi nzima katika toleo moja, na nakala zaidi ya milioni 5 ziliuzwa kwa siku mbili. Mwaka 1953 kitabu kilipata tuzo ya Pulitzer.

Mzee na samaki

Kwa wale ambao hawajakisoma, kisa ni hiki. Santiago ni mvuvi mzee ambaye amekaa siku 84 bila kupata samaki. Kijana aitwaye Manolin alikuwa akivua naye tangu utotoni, lakini baada ya siku 40 za ukame wazazi wake walimhamishia chombo kingine, wakisema mzee ana mkosi. Kijana hakumwacha moyoni. Humletea chakula na chambo, huzungumza naye habari za mpira, humsaidia kubeba mlingoti na kamba. Katika kibanda cha mzee kuna picha mbili ukutani, ya Moyo Mtakatifu wa Yesu na ya Bikira Maria wa Cobre, zote mbili masalia ya marehemu mkewe.

Siku ya 85 mzee anatoka peke yake na kwenda mbali kuliko wengine. Adhuhuri ananasa samaki wa jamii ya nduaro, mkubwa ajabu, ambaye anamvuta siku mbili na usiku mbili. Mshipi unamkata mikono. Mkono mmoja unakakamaa. Anakula samaki mbichi ili apate nguvu. Anasali Baba Yetu na Salamu Maria, na kuahidi kwenda kuhiji Cobre. Siku ya tatu anamuua samaki, na samaki anaonekana mrefu kuliko chombo chenyewe kwa futi 2. Anamfunga ubavuni na kutweka tanga kurudi nyumbani. Damu inawaita papa. Anapigana nao kwa chusa, kisha kwa kisu alichokifunga kwenye kasia, kisha kwa rungu, kisha kwa mkono wa usukani, mpaka hakuna cha kupigania. Anafika pwani usiku akiwa na kichwa, mifupa na mkia. Anabeba mlingoti begani kupanda kilima, anaanguka chini ya uzito wake, ananyanyuka. Kitandani analala kifudifudi, mikono imenyooshwa, viganja vyenye majeraha vikitazama juu. Mkristo hahitaji mtu wa kumweleza picha hiyo.

Jambo moja lilitugusa kama wanafunzi wa falsafa. Pambano hili halina chuki. Mzee anaiona bahari kama mwanamke anayetoa na kunyima. Ni vijana wenye mashine wanaoiita adui. Samaki anamwita ndugu, anamhurumia, anamstahi, na bado anamuua kwa sababu yeye ni mvuvi. Baadaye anajiuliza kama alitenda dhambi, na kama alimuua kwa ajili ya riziki au kwa ajili ya majivuno. Mtakatifu Fransisko wa Asizi angemwelewa mzee huyu. Na sisi tunaoishi baada ya waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015 tunaweza kujiuliza swali lilelile kila tunapoona nyavu zenye matundu madogo zikikokota hata vifaranga vya samaki.

Swali la wavuvi wa Malindi

Asubuhi moja tulikisimulia kisa hiki kwa wavuvi kwenye diko la Malindi, Unguja, walipokuwa wakisubiri mnada. Walisikiliza vizuri. Nduaro wanamjua, papa wanamjua, na mkono kukatwa na mshipi si habari kwao. Tulitegemea waulize uzito wa samaki au bei yake. Mzee mmoja akauliza kwanza: kwa nini alitoka peke yake?

Kwao swali hilo lilikuwa la kazi tu. Chombo kina nahodha na mabaharia wake. Kina fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Hata ngalawa ndogo, wazee walitoka wawili, mmoja ashike usukani na mmoja ashughulike na mshipi. Ukivutwa na mkondo unainua kitambaa juu ya kasia ili wenzako wakuone. Jahazi jipya likishushwa majini Nungwi, watu wa kijiji wanakuja kulivuta kwa kamba, maana hakuna fundi anayeweza kulishusha kwa mabega yake mwenyewe. Watu wa kisiwa hiki, ambao mwaka 2011 walizika jamaa zao baada ya meli ya Spice Islander kuzama ikielekea Pemba, hawaichukulii bahari kama uwanja wa mtu mmoja kuonyesha ushujaa. Kabla ya kutoka wanasema Bismillahi, na wanahesabu waliomo chomboni.

Tuliporudi barazani tulikifungua kitabu upya tukiwa na swali la yule mzee. Tukaona kitu tulichokuwa tumekipita. Katikati ya pambano, tena na tena, Santiago anatamani kijana angekuwa naye. Mkono unapokakamaa anamkumbuka, usiku unapoingia anamkumbuka, samaki anapoanza kuzunguka anamkumbuka. Na aliporudi, aliyemtunza alikuwa Manolin: alilia alipoiona mikono yake, akaenda kumletea kahawa, akaamua kwamba kuanzia sasa watavua pamoja, wazazi wapende wasipende. Dunia iliyasifu mabega ya mzee. Kitabu chenyewe kinajua kwamba kilichokosekana kule mbali kilikuwa mtu wa pili.

Ajali, tuzo na ukimya

Hemingway alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953, safari hii na Mary. Januari 1954 walikodi ndege ndogo kuona nchi kutoka angani. Karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ndege iligonga waya wa simu na kuanguka. Walilala porini, na kesho yake mashua ya mtoni ikawachukua hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Hapo walipanda ndege ya pili, nayo ikashika moto ilipojaribu kuruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake ili atoke. Magazeti duniani yalikuwa yameshaandika kwamba amekufa, na yeye akazisoma tanzia zake akiwa hai.

Watu walicheka habari hiyo, na yeye mwenyewe alijifanya kuicheka. Ukweli ni kwamba fuvu lilikuwa limepasuka, uti wa mgongo, ini na figo vimeumia. Badala ya kupumzika alishuka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, mahali panapotazama Mkondo wa Pemba, kwa ajili ya kuvua. Huko moto wa msituni ulizuka, akajitosa kuuzima, akaungua vibaya. Alikuwa na miaka 54, na mwili wake haukupata tena afya kamili.

Oktoba mwaka huo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Hakuweza kwenda Stockholm. Hotuba yake ilisomwa na balozi wa Marekani, na ndani yake alizungumzia upweke wa kazi ya mwandishi. Nishani ya tuzo aliitoa kwa watu wa Kuba, ikawekwa kwenye patakatifu pa Bikira Maria wa Cobre, yuleyule ambaye Santiago aliahidi kumhiji. Mapokeo ya Kuba yanasema kwamba sanamu hiyo ya Mama Maria iliokotwa baharini mwanzoni mwa karne ya 17 na watu watatu waliokuwa ndani ya mtumbwi mmoja, na mmoja wao alikuwa mtoto mtumwa wa asili ya Afrika. Watatu, mtumbwi mmoja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya giza. Aliondoka Kuba mwaka 1960. Alishuku kila mtu, aliamini anafuatiliwa, hakuweza kuandika hata sentensi chache. Alilazwa kliniki ya Mayo, jimbo la Minnesota, mara mbili, akatibiwa kwa mshtuko wa umeme, na kumbukumbu, chombo cha kazi yake, ikadhoofika. Tarehe 2 Julai 1961, siku chache kabla ya kutimiza miaka 62, alijiua nyumbani kwake Ketchum, jimbo la Idaho. Padre Mkatoliki aliongoza sala kaburini. Baadaye ndugu zake wawili, Ursula na Leicester, nao walikufa kwa kujiua. Mtu anayehesabu vifo hivyo, pamoja na kile cha baba, haoni tena woga wala ushujaa. Anaona ugonjwa ulioitembelea nyumba moja kwa miaka mingi.

Hapa Kanisa linatufundisha kusema kwa uangalifu. Uhai ni wa Mungu, sisi ni wasimamizi tu, na kujiua ni kosa zito dhidi ya upendo. Lakini Katekisimu, namba 2282 na 2283, inakumbusha kwamba ugonjwa mkubwa wa akili, uchungu au hofu kali hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliokufa hivyo. Mungu ana njia anazozijua yeye za kuwapa nafasi ya toba, na Kanisa linawaombea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haina tena kipengele hicho. Zipo familia katika jumuiya zetu ndogondogo ambazo hazijaambiwa hilo, na bado zinabeba aibu ya kifo cha zamani kana kwamba mlango umefungwa.

Mashua ya pili

Tumerudi basi kwenye swali letu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ya ushujaa ni kustahimili, na kwamba hilo ni gumu kuliko kushambulia. Hemingway alilijua vizuri, na Santiago ni mfano wake. Lakini Aristotle, mwalimu wa Tomaso, aliweka kitu kingine katika kitabu chake cha maadili: hata mwenye mema yote hawezi kuchagua kuishi bila marafiki. Mtu anayesoma somo la kwanza na kuliruka la pili atakuwa na nguvu nyingi, na zitakwisha.

Katika Injili ya Luka, sura ya 5, Simoni Petro anaambiwa asogee hadi kilindini baada ya usiku mzima wa kazi bure. Anatii, na nyavu zinajaa hadi kuanza kukatika. Tazameni anachofanya. Hajaribu kuthibitisha lolote. Anawapungia mkono wenzake waliokuwa katika mashua ya pili waje wamsaidie. Tunapenda kuhubiri juu ya kilindi. Ule mkono uliopunga tunausahau.

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tunaambiwa mara nyingi tuwe imara, na ni sawa. Kesho wengine wetu watakaa peke yao katika parokia za mbali, nyumba ya padre yenye taa moja, vigango vya saa nne kwa pikipiki, na waamini watakaodhani padre hachoki. Siku 84 bila samaki zitafika. Mwenye kuamini kwamba kuomba msaada ni kushindwa, huyo ameshatoka mbali mno. Majina ya hospitali za akili, Mirembe kule Dodoma au Kidongo Chekundu hapa Unguja, watu huyataja kwa mzaha, na mzaha huo unawazuia wagonjwa kwenda kutibiwa. Tuuache. Kiongozi wa kiroho, daktari na rafiki wa kweli si washindani. Wote watatu wanaweza kuketi katika mtumbwi mmoja.

Na ninyi waamini, mnaweza kuwa Manolin. Yule kijana hakuwa na uwezo wa kumrudishia mzee samaki wake. Alichokuwa nacho ni kahawa, machozi na ahadi ya kutoka naye kesho. Padre wenu akinyamaza kuliko kawaida, mzee wa jirani akiacha kutoka nje, kijana akianza kugawa vitu vyake na kuongea kama mtu anayeaga, msisubiri awaite. Nendeni mkabishe hodi. Wahenga wa pwani walisema penye mawimbi na milango i papo, lakini mlango wa mwamba ni rahisi kuuona mkiwa wawili, mmoja akishika usukani na mwingine akiwa amesimama gubetini akitazama maji.

Tunawaalika mkisome kitabu hiki katika familia na jumuiya zenu, kwa sauti, kwa zamu. Mkimaliza, msali kwa ajili ya Ernest, baba yake na ndugu zake, na kwa wote waliozama tukiwa pwani tunawatazama. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.